Jeki ya Toroli Imekufa? Ipime Kabla Hujaipeleka Skrepa

Asubuhi moja ya Julai hapa Uyole, Mbeya, ukungu haujaondoka na maji ya ndoo yanauma vidole, kijana wangu alikuwa anapampu jeki kama mtu anayetwanga. Noah haikunyanyuka hata unene wa kidole. "Fundi, jeki imekufa," akasema, akaiacha hapohapo akaenda kuota moto. Nikaivuta nje, nikaiweka palipopigwa jua, tukanywa chai na maandazi. Ilipofika saa nne jeki ileile ikanyanyua gari lilelile, bila kuguswa na spana.

Ilikuwa imekaa Kyela miezi mitatu kwa jamaa aliyeiazima, na huko mtu akaiongezea oili ya injini namba 40. Kyela kuna joto la ziwani, oili ile ikawa inatembea bila shida. Huku juu, zaidi ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, alfajiri ya kipupwe inakuwa nzito kama asali iliyoganda. Pampu inavuta nusu, inasukuma robo. Wapo wanaosingizia hewa nyepesi ya milimani. Nimewasikia mpaka Mafinga. Hewa haihusiki kwa kiasi cha kukunyima gari kupanda. Ni baridi, na ni oili isiyo yake.

Jeki nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa maiti ziko hivyo. Zina upepo, zina oili pungufu, zina oili ya kitu kingine, au zina chembe ya uchafu iliyokaa mahali pabaya. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: anza na kile kisichogharimu kitu, ndipo ushuke kwenye kinachogharimu. Wengi wanaanza kwa kufungua valvu, na wanaishia na gololi imepotelea kwenye vumbi na jeki mbaya kuliko ilivyokuja.

Kilichomo ndani

Nazungumzia ile jeki ndefu ya chuma ya gereji: magurudumu mawili mbele yasiyogeuka, mawili nyuma yanayogeuka, mpini mrefu, na mkono wa kunyanyulia wenye kikombe kwenye ncha, kile kinachogusa gari. Jeki ya chupa, ile fupi inayosimama wima, ni ndugu yake, na mengi ya humu yanaifaa pia.

Ukipiga mpini chini, unasukuma pistoni ndogo. Pistoni ndogo inachukua oili kutoka kwenye tanki na kuipeleka nyuma ya pistoni kubwa, pistoni kubwa inasukuma mkono, mkono unapanda. Kanuni ni ya Pascal, Mfaransa wa karne ya 17: kimiminika ukikifungia na kukikandamiza sehemu moja, mgandamizo unafika sawasawa kila upande. Chukua mfano wa pistoni ndogo ya kipenyo cha milimita 12 na kubwa ya milimita 36. Kipenyo ni mara 3, lakini eneo ni mara 9, na nguvu nayo ni mara 9. Malipo yake ni kwamba pistoni kubwa inasogea sehemu moja tu ya tisa ya mwendo wa ile ndogo. Ndiyo maana unapampu mara nyingi kupata kimo kidogo, na ndiyo maana jeki haivumilii wizi: kila pampu ikipoteza matone machache, umefanya kazi bure.

Walinzi wa matone hayo ni gololi. Kuna gololi ya kuvuta, inayoruhusu oili kutoka tanki kuingia kwenye pampu na kuizuia kurudi. Kuna gololi ya kusukuma, inayoruhusu oili kwenda kwenye pistoni kubwa na kuizuia kurudi. Kisha kuna valvu ya kushushia, ambayo mara nyingi ni skrubu inayokandamiza gololi nyingine; ndiyo unayoifungua ukizungusha mpini kwenda kushoto. Nyingi zina pia valvu ya usalama, inayofunguka yenyewe ukiibebesha jeki kuliko uwezo wake. Ukizijua hizi nne, umekwisha kuelewa magonjwa karibu yote.

Kabla hujashika chochote

Jeki inanyanyua. Kinachoshikilia gari ni stendi, ile miguu ya chuma inayowekwa chini ya gari likishanyanyuliwa. Sili, mpira unaozuia oili kupita, wenye unene wa uzi wa kiatu, ndiyo inayotenganisha kifua chako na difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, na sili haitoi taarifa kabla ya kukatika. Kama huna stendi, usiingie chini. Tofali la kuchoma si stendi, linapasuka ghafla.

Kwenye matengenezo ya jeki yenyewe, sharti ni moja: mzigo uwe umetoka, mkono uwe umelala chini kabisa. Usifungue skrubu yoyote kwenye mwili wa silinda gari likiwa juu. Na ukitafuta mahali inapovujia jeki iliyo na mzigo, usipapase kwa kidole. Oili inayotoka kwenye tundu dogo kwa mgandamizo mkubwa inaweza kuchoma ngozi na kuingia ndani ya mwili, na kidonda chake kinaonekana kidogo kumbe ni cha kukimbilia hospitali. Tumia kipande cha boksi.

Magurudumu, kitu ambacho hakuna anayekitunza

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo nilipoona gari likianguka.

Mkono wa jeki haupandi wima. Unapanda kwa kupinda, kama mlango unavyofunguka, kwa hiyo kikombe kinarudi nyuma kidogo kidogo kadiri kinavyopanda. Ili kikombe kibaki palepale kilipoligusa gari, jeki yenyewe lazima ijisogeze kwenda mbele kwa magurudumu yake. Magurudumu yakiwa yamekwama, kikombe kinalivuta gari au kinateleza kwenye chuma. Nimesimama kando nikiona Probox ikishuka namna hiyo, tairi likiwa limeshatolewa. Hakuna aliyeumia, ila diski ya breki ilichimba sakafu, na mwenye gari hakurudi tena.

Sasa angalia jeki zetu. Tope la Tukuyu, ambako mvua haina msimu wa kupumzika, linajaa kwenye ekseli ndogo za magurudumu na kukauka humo. Upande wa Uyole ni vumbi. Udongo wa huku una majivu ya volkano ya zamani, na likiingia kwenye grisi linasaga chuma kama msasa. Kila wiki mbili, au kila baada ya kazi ya matope, igeuze jeki ubavu, piga brashi ya waya, futa, zungusha kila gurudumu kwa mkono. Linalokwaruza, litie oili nyepesi mpaka litembee, kisha grisi. Yale ya nyuma yageuke mzunguko mzima bila kushika. Nati zake zikaze.

Kwa sababu hiyohiyo jeki ya toroli ni ya sakafu ngumu iliyo sawa. Juu ya changarawe inazama, magurudumu yanakufa. Ukilazimika, weka chini yake ubao mpana na mrefu, jeki iwe na nafasi ya kutembea juu yake, si kibao cha kuitosha tu. Na kwenye mteremko usiitumie kabisa. Najua Mbeya nzima ni mteremko. Utingo wa lori aliyekwama kwenye mlima wa Kitonga hawezi kuchagua mahali pa kupatia pancha, lakini yeye anatumia jeki ya chupa na mawe makubwa nyuma ya matairi. Wewe uliye kwenye gereji una uchaguzi.

Matunzo mengine ya kawaida

Grisi kidogo kwenye pini za mkono wa kunyanyulia, kwenye kiungo cha mpini, na chini ya kikombe kiweze kuzunguka. Kaza skrubu inayoushikilia mpini. Ikilegea, mpini unachomoka ukiwa unaivuta jeki na unaanguka chali.

Ihifadhi ikiwa imeshushwa kabisa. Pistoni iliyoachwa nje inashika unyevu, unyevu unaleta kutu, na kutu ni kisu kwa sili: kila ikirudi ndani inakata mpira kidogo. Baada ya siku ya mvua futa pistoni zote mbili kwa kitambaa chenye oili ya jeki. Usipake grisi kwenye pistoni, inabeba vumbi.

Oili: ipi, kiasi gani

Oili ni ya haidroliki, nyepesi, namba 32. Ile ya 22 nayo inafaa, hasa kwa watu wa Makete na Njombe ambako asubuhi kunakuwa na barafu kwenye majani. Namba ikizidi, oili ni nzito zaidi (namba za oili ya injini ni kipimo kingine, usizilinganishe na hizi). Madukani utapewa upesi ile ya 68, kwa kuwa ndiyo wanayonunua wenye matrekta na matipa. Si sumu kwa jeki, ila kwa baridi yetu itakupa uvivu wa asubuhi niliousimulia.

Kuna oili moja ambayo ni sumu: mafuta ya breki. Yametengenezwa kwa kemikali ya jamii nyingine kabisa, na sili za jeki hazikutengenezwa kwa ajili yake. Zinavimba, zinalainika, zinageuka kama ubani uliotafunwa. Nilipokuwa najifunza kazi niliyatia mimi mwenyewe kwenye jeki ya fundi wangu, nikidhani mafuta yanayosimamisha basi hayawezi kushindwa na Saloon. Ilifanya kazi siku chache. Baadaye ikaanza kuvuja kila mahali kwa wakati mmoja. Fundi hakunipiga, alinipa jeki ile niisafishe kila sehemu, na pesa ya sili ikakatwa kwenye posho yangu. Kama unajua jeki yako imewahi kuonja mafuta ya breki, kuosha peke yake hakutoshi, jiandae kubadilisha sili zote.

Oili ya injini inanyanyua ikiwa imepata joto, basi. Oili chafu iliyotoka kwenye injini usiifikirie, ina vumbi la chuma ndani.

Kupima kiasi, fanya hivi. Weka jeki kwenye sakafu iliyo sawa, fungua valvu ya kushushia, ushushe mkono mpaka mwisho. Ondoa mfuniko wa bati ulio juu, kama upo. Futa eneo lote kwanza, la sivyo mchanga utaingia mara ukifungua. Kwenye mwili wa silinda utaona plagi ya mpira au skrubu. Hiyo ndiyo ya kujazia. Ichomoe polepole kwa bisibisi bila kuichana. Kwenye jeki nyingi oili inatakiwa ifike kwenye ukingo wa chini wa tundu hilo. Kama una karatasi iliyokuja na jeki na inasema vingine, fuata karatasi.

Kosa la kawaida ni kujaza jeki ikiwa imenyanyuka. Wakati huo oili nyingi iko nyuma ya pistoni, tanki linaonekana tupu. Unajaza, unaishusha, oili inarudi nyumbani inakuta wageni. Plagi inaruka au mkono unagoma kushuka mpaka chini. Jeki ndogo ya tani 2 hainywi hata nusu lita kwa jumla, kwa hiyo ongeza kidogo kidogo kwa bomba la sindano kubwa la duka la dawa za mifugo. Ni kifaa kizuri kuliko faneli.

Kubadilisha yote, mara moja kwa mwaka kwa jeki ya kila siku: chomoa plagi, fungua valvu, ilaze jeki ubavu juu ya beseni, pampu mara chache itapike. Ikitoka nyeusi au kama maziwa (hayo ni maji), tia oili safi kidogo, itikise, imwage tena. Usioshe ndani kwa petroli wala dizeli. Oili iliyotoka iweke kwenye galoni pamoja na ile ya injini, si kwenye mtaro. Maji ya mtaro huo yanaishia kwenye mboga za mtu.

Kutoa upepo

Dalili ya upepo ni mpini kudunda kama unakanyaga mpira, au jeki kupanda kwa kuruka na kushtuka. Hewa inaminyika, oili haiminyiki. Nguvu yako inaishia kuiminya hewa.

1. Shusha mkono mpaka chini, bila mzigo. Hakikisha oili iko sawa.
2. Fungua valvu ya kushushia, mzunguko mmoja mzima kwenda kushoto.
3. Pampu mpini harakaharaka, juu kabisa mpaka chini kabisa, mara 10 hadi 15. Nusu pampu haitoi kitu.
4. Legeza plagi ya kujazia. Ukisikia "pss", ndiyo hewa inatoka. Irudishe.
5. Funga valvu kwa mkono, pampu mpaka jeki ifike juu kabisa bila mzigo. Ifungue, ikandamize ishuke.
6. Pima oili tena, maana upepo uliotoka umeacha nafasi. Ongeza, rudia.

Mara mbili au tatu zinatosha. Kama unarudia mara ya sita na bado inadunda, kuna mahali inavuta hewa, na mara nyingi ni sili ya pistoni ndogo.

Inanyanyua, halafu inashuka yenyewe

Hii ndiyo malalamiko ya kila siku, na ndiyo inayotaka akili kuliko nguvu. Kabla ya kufungua chochote, iweke jeki chini ya gari dogo, weka stendi karibu lakini zisiguse, nyanyua kidogo, kisha simama kando uitazame. Itakwambia yenyewe.

Angalia mpini kwanza. Ukiuacha na wenyewe ukaanza kupanda polepole huku gari linashuka, gololi ya kusukuma haikai vizuri. Mzigo unasukuma oili inarudi kwenye pampu, na pampu inaurudisha mpini juu.

Mpini umetulia, gari linashuka, na sakafu ni kavu? Oili inarudi tankini kwa ndani. Mshukiwa wa kwanza ni valvu ya kushushia. Ikaze tena kwa mkono. Kama kushuka kunapungua, umempata: kuna uchafu, au kiungo cha mpini kimelika kiasi kwamba unadhani umekaza kumbe bado. Weka alama ya chaki kwenye kiungo na kwenye skrubu yenyewe, zungusha, uone kama vyote viwili vinageuka pamoja. Nimeshawahi kuacha kubomoa jeki nzima kwa sababu ya alama mbili za chaki.

Gari linashuka na oili inaonekana mbele, pale pistoni kubwa inapotokea? Sili kubwa imechoka au pistoni ina mikwaruzo. Oili ikionekana kwenye pistoni ndogo, ni sili ndogo. Kwenye skrubu ya kushushia, ni oringi yake, mpira wa duara, ndogo na ya bei ya chini.

Hali tofauti na hizo: mpini unakwenda mwepesi, jeki haipandi, lakini kilichokwisha kupanda hakishuki. Hapo gololi ya kuvuta ndiyo inayoachia. Unapampu oili inarudi ilikotoka. Na kama inapanda vizuri ikaishia katikati bila kufika juu, oili ni pungufu, usitafute mchawi.

Jeki isiyonyanyua kabisa gari kubwa lakini inanyanyua dogo, soma tani zilizoandikwa ubavuni kabla hujailaumu. Tani 2 kwa Noah ni sawa, kwa kuwa unanyanyua upande mmoja. Fuso iliyoshiba viazi vya Uporoto ni habari nyingine.

Kufungua valvu na kusafisha gololi

Tafuta meza, si ardhini. Tandika shuka jeupe au gazeti, gololi ikianguka isikimbie. Toa oili kwanza. Safisha nje kwa brashi na dizeli, kausha kabisa. Piga picha kwa simu kila kinapotoka kitu. Ni shahidi asiyesahau.

Ondoa kiungo cha mpini, kisha fungua skrubu ya kushushia ukihesabu mizunguko. Iinamishe jeki, gololi itatoka. Ikigoma, sumaku ndogo ya spika iliyokufa, ukiigusisha kwenye bisibisi nyembamba, inaivuta. Za kuvuta na kusukuma ziko nyuma ya skrubu nyingine, mara nyingi zikiwa na springi. Gololi hazilingani zote, hata zikionekana mapacha. Weka kila moja kwenye kifuniko chake cha soda, na uandike.

Kwenye baadhi ya jeki utakuta skrubu iliyopakwa rangi au iliyofichwa chini ya kizibo, tofauti na nyingine. Hiyo ni valvu ya usalama, imepimwa kiwandani. Usiiguse. Anayeikaza ili jeki "iongezeke nguvu" ameondoa kitu pekee kilichokuwa kinamzuia kuupinda mkono wa jeki juu ya mguu wake.

Osha gololi, zitazame kwenye mwanga. Yenye doa au mstari badilisha, utapata ya kipenyo kilekile kwa wauza bearingi. Kiti chake ndani ya tundu kipulize na ukifute kwa kijiti chenye kitambaa laini, usichokonoe kwa msumari. Mara nyingi utakuta chembe moja tu, ya rangi au ya mpira, ndogo kuliko punje ya ulezi, na hiyo ndiyo iliyokuwa inashusha gari.

Kiti kikiwa na mikwaruzo midogo, kuna ujanja wa zamani: weka gololi ya zamani kwenye kiti, iguse kwa fimbo ya shaba, piga nyundo ndogo mara moja, pigo la kubisha hodi. Inachonga duara jipya. Kisha itupe hiyo na uweke mpya. Usipige mara ya pili kwa hasira.

Sili

Ukiwa na pakiti ya sili ya jeki yako, una bahati. Wengi hatuna. Chukua sili ya zamani, hata kama imekatika, pamoja na pistoni yenyewe, uende navyo dukani Mwanjelwa. Usiende na kumbukumbu. Muuzaji mzuri atapima kipenyo cha ndani, cha nje na unene kwa kalipa. Akikupimia kwa macho, nenda duka la jirani. Sili isiyotoshea kwa nusu milimita inavuja siku hiyohiyo.

Sili yenye mdomo, ile ya umbo la kikombe, mdomo unatazama upande oili inakotokea, ili mgandamizo uufungue na kuubana kwenye ukuta. Ukiigeuza, jeki haitanyanyua hata kuku. Kabla ya kuivalisha, ipake oili ya jeki, na kama inapita juu ya nyuzi za skrubu, zifunge kwa selotepu kwanza zisiikate. Tumia kijiko cha plastiki kuisukuma, si bisibisi. Washa za shaba ulizozitoa weka mpya. Zile za zamani zimekwisha kupondeka.

Pistoni ikiwa na kutu ya juujuu, msasa laini sana, ule wa maji, pamoja na oili, uzungushe kwa kuizunguka pistoni. Mashimo ya kutu yanayonasa kucha hayatibiki kwa msasa.

Inagoma kushuka

Fungua valvu, mkono umebaki juu. Ondoa mzigo kwanza kwa jeki nyingine, kisha angalia springi mbili za kurudishia ziko pande za mkono: zimekatika, zimenyooka, au zimeruka kwenye ndoano yake? Pini zimekauka? Hizo mbili ndizo karibu kila mara. Iliyobaki ni oili iliyozidi, au pistoni iliyopinda kwa kunyanyulia gari kwa ukingo wa kikombe badala ya katikati.

Kuijaribu

Jaza oili, toa upepo, panda shuka bila mzigo mara tano. Kisha nyanyua gari la kawaida, stendi chini yake zikiwa zimeachwa nafasi ya vidole viwili, na hakuna mtu chini. Pima kwa futi kutoka sakafuni mpaka sehemu moja ya chesisi, andika kwa chaki sakafuni. Kaa dakika 10. Ukikuta imeshuka kiasi ambacho futi inakionyesha, irudishe mezani. Ikisimama, ifute, angalia chini kama kuna tone, halafu ishushe polepole ukizungusha mpini kidogo kidogo. Jeki nzima inashuka kwa utulivu, haidondoki.

Zilizokufa kweli

Mkono wenye ufa, hata mwembamba kama unywele. Fremu iliyopinda, ukiiweka sakafuni gurudumu moja linaning'inia. Tundu la pini lililotanuka likawa yai. Silinda iliyopasuka. Pistoni yenye mashimo ya kutu kwenye sehemu inayopita sili. Kuna watu watakuchomelea mkono wa jeki kwa bei ya soda na ukapendeza. Mimi siingii chini ya gari lililonyanyuliwa na chuma hicho, na vijana wangu nawakataza.

Kabla ya skrepa, vua springi, gololi, magurudumu, pini na plagi ya mpira, vitafufua nyingine. Silinda itoboe kwa drili, maana nimewahi kuiuza jeki mbovu kwa kilo na kuikuta mwezi uliofuata imepakwa rangi nyekundu, inauzwa njiani. Mpini baki nao: ukiuvalisha kwenye spana ya magurudumu, nati za Land Cruiser zilizokazwa kwa mashine zinafunguka bila mtu kupanda juu yake.